Noti 70, kwa umbali gani?

Msimu wa mashindano ya matanga haupiti bila mtu kuapa kwamba chombo fulani kilipiga noti 70. Ukimuuliza kilipiga kwa muda gani, anabadilisha mazungumzo.

Noti, kipimo cha kasi ya vyombo vya majini, ni kilomita 1.852 kwa saa. Noti 70, basi, ni karibu kilomita 130 kwa saa, juu ya maji, bila injini. Kasi iliyopimwa na kuthibitishwa haikufika huko. Tarehe 24 Novemba 2012, Walvis Bay nchini Namibia, baharia Paul Larsen alikimbiza chombo cha matanga Vestas Sailrocket 2 kwa wastani wa noti 65.45 katika mita 500. Piga hesabu: sekunde 15 hazikutimia. Na chombo chenyewe kiliundwa kwa kazi hiyo moja, kikipokea upepo wa upande mmoja tu. Sasa mtu anakichukua anakilinganisha na mashua inayozunguka maboya! Hapo mimi huishiwa maneno.

Chumvi nyingi inayotiwa kwenye kasi hizi hutoka kwenye kioo cha GPS. Chombo kinateremka wimbi, mkondo wa maji unakisukuma, namba inaruka kwa sekunde moja, nahodha anapiga picha. Nyingine ni uzembe wa vipimo tu. Mwaka 2022 chombo cha Ufaransa cha aina ya F50, mashua ya mbio yenye matanga, kilifikia kilomita 99.94 kwa saa katika mashindano ya SailGP. Neno “kilomita” likidondoka njiani, noti 54 zinageuka 100.

Lakini wabishi nao hawako salama. Wapo wanaoshikilia kwamba tanga haliwezi kuushinda upepo mbio. Linaweza, na sana. Chombo kinachokata upepo kwa ubavu hujiongezea upepo wake chenyewe kadiri kinavyokwenda; siku ile Namibia upepo haukufika hata nusu ya kasi ya Larsen. Kinachokaba ni maji. Mashua ya kawaida yenye urefu wa mita 12 majini hukwama kwenye noti 8 hivi, kwa kuwa inaburuta wimbi lake yenyewe. Ndiyo maana vyombo vya leo huinuka juu ya mabawa yaliyozama. Nayo mabawa, yakikaribia noti 50, huanza kutokwa na mapovu ya mvuke kwa sababu shinikizo la maji limeshuka mno, na yasipochongwa kwa namna ya pekee hupoteza nguvu ya kuinua.

Kama ni kushangaa, mimi nashangaa kwingine. Agosti 2009, trimarani (mashua ya matanga yenye viwiliwili vitatu) Banque Populaire V ilikata maili za baharini 908 kwa saa 24 katika Atlantiki. Ni wastani wa noti 37 na ushei, usiku na mchana, mawimbi ya bahari kuu, watu wanapokezana usukani. Namba hiyo sijawahi kumsikia mtu akiitia chumvi.