Vishikwambi tunavyo, projekta je?

Mwandishi wa makala kuhusu vishikwambi anasema vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kisha tukagawiwa walimu, vimelala kabatini. Si vyote, ndugu mwandishi. Nafundisha sayansi shule ya msingi na changu hakipumziki: azimio la kazi (mpango wa kufundisha wa mwaka), maandalio ya masomo, alama za wanafunzi, vyote vimo humo. Vitabu vya kiada navipakua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) nikipata mtandao wa uhakika, kwa bando la mfukoni mwangu.

Shida iko darasani. Juzi tulikuwa kwenye mzunguko wa damu, nikafungua video ya moyo ukidunda. Walioziona vali zikifunguka na kujifunga ni wa madawati ya mbele tu. Wa nyuma walipanda juu ya madawati, wakasukumana, mwisho nikarudi kwenye chaki na ubao. Projekta hatuna, na madarasa yetu mnajua yalivyojaa.

Halafu akija mkaguzi anataka andalio lilelile liandikwe tena kwa mkono kwenye daftari! Wizara itoe mwongozo mmoja, andalio la kwenye kishikwambi litambulike nchi nzima, na kila shule yenye umeme ipewe walau projekta moja.