Kanuni za nasari ya Uingereza nazitaka Mombasa, lakini si zote

Kila nikiongea na watu wa nyumbani Mombasa kuhusu watoto, huambiwa maneno yaleyale: nyinyi huko mmestarehe, serikali inawalelea. Wifi yangu wa Mtopanga ndiye bingwa wa habari hizo. Kwa anavyoamini yeye, Uingereza mtu akishazaa huja gari la serikali asubuhi likamchukua mtoto, na jioni likamrudisha ameshiba na ameoga. Nimechoka kumjibu kwa simu, kwa hivyo nayaandika hapa, ayasome yeye na wenziwe.

Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, mji wa England, mojawapo ya nchi zinazounda Uingereza, na sote wawili kazi yetu ni kuwahudumia wazee. Mtoto wetu alipotimiza miaka mitatu alianza katika nasari iliyo ndani ya shule ya msingi ya umma, jirani na tunapokaa. Nasari yenyewe naipenda kwelikweli. Ningekuwa na uwezo wa kuibeba na kuta zake nikaiweka Kisauni, ningeibeba leo. Lakini mlango wake wa kuingilia ningewaachia hukohuko.

Nianze na kinachonifurahisha. Kabla mtoto hajakanyaga darasani, mzazi hujazishwa fomu ndefu: chanjo alizopata, vyakula vinavyomdhuru, daktari wake ni nani, lugha anayoizungumza nyumbani, na majina ya watu wanaoruhusiwa kuja kumchukua. Juu ya majina kuna neno la siri. Siku moja sote tulikwama kazini, tukamtuma nduguye mume wangu akamchukue, na jina lake halikuwamo. Mtoto alipomwona alimkimbilia akipiga kelele, "Ami! Ami!" Mwalimu akatabasamu, akamshika mtoto mkono, akamrudisha ndani, kisha akanipigia simu mimi. Shemeji alinuna wiki nzima. "Mtoto mwenyewe ananiita ami, wao wataka ushahidi gani tena?" Mimi moyoni nilikuwa nashangilia. Nyumbani, mtu akisema tu "nimetumwa na mamake," mtoto hukabidhiwa, tena na mkoba wake.

Halafu kuna idadi. Sheria ya England inasema mtu mzima mmoja haangalii zaidi ya watoto 3 walio chini ya miaka miwili. Wa miaka miwili ni 5. Walikuwa 4 hadi 2023, na wakati huo wazazi na walimu wengi walilalamika kwamba serikali inawabana watoto ili ipunguze gharama. Wa miaka mitatu na kuendelea ni 8, au 13 iwapo aliye nao ni mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Muda wote watoto wakiwepo, lazima awepo mtu mwenye cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto wadogo, anayejua la kufanya mtoto akipaliwa na zabibu. Kila mfanyakazi hukaguliwa rekodi zake kabla hajaruhusiwa kukaa na mtoto, na kila mtoto hupewa mlezi wake maalumu, mzazi akajua wa kumuuliza. Wakaguzi wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule na nasari, wakija, ripoti yao husomwa na yeyote anayetaka, mpaka jirani asiye na mtoto.

Kuna kanuni moja iliyonitoa machozi, na bado naitetea. Mtoto akiharisha au akitapika, harudi nasari mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga ni zaidi: lazima vipele vyote vikauke, na zisipungue siku 5 tangu vilipotoka. Ukiwa unalipwa kwa zamu, siku hizo ni pesa unaziona zinakwenda. Lakini siku ambayo mtoto wa mwenzangu ameharisha, mimi ndiye ninayetaka kanuni ile ishikwe kwa meno.

Sasa tuje kwenye mlango, na hapa ndipo wifi yangu asome polepole.

Kila mtoto wa England, kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitatu, hupewa saa 15 kwa wiki bila malipo, kwa wiki 38 za mwaka. Hapo hawaulizi mzazi ana viza gani. Shukrani zangu ziko hapo. Ila hesabu saa zenyewe: nasari ya shule huzigawa mara nyingi saa tatu kwa siku, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Zamu yangu mimi huanza saa moja asubuhi na kumalizika saa mbili usiku. Mume wangu akahamia zamu za usiku. Anaingia, natoka, yeye ana usingizi, mimi nina haraka, na mtoto ameshikwa katikati na kiatu kimoja mguuni. Huko kulelewa na serikali kuko wapi?

Na hapo tayari ametimiza mitatu. Kabla ya hapo tulilipa wenyewe, zaidi ya pauni 200 kwa wiki kwa nasari ya binafsi, maana ya shule haikuwa ikichukua watoto wadogo hivyo. Tangu Septemba 2025, wazazi wanaofanya kazi England wanapewa saa 30 kwa wiki kuanzia mtoto akiwa na miezi tisa. Habari hiyo ilipofika Mombasa ilishangiliwa kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kana kwamba ni sadaka ya Ijumaa. Masharti hakuna aliyeyasambaza. Kila mzazi lazima awe na kipato kisichopungua cha saa 16 za kima cha chini kwa wiki, na asizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Msimbo wa kuombea lazima uupate kabla muhula haujaanza. Kwa muhula wa Septemba mwisho ni tarehe 31 Agosti, ukichelewa unangoja Januari. Kila miezi mitatu unathibitisha upya kwamba bado unafanya kazi. Na kama wazazi wote wawili viza zao zimeandikwa kwamba hawana haki ya fedha za umma, basi hizo saa 30 si zao, hata wafanye kazi mpaka migongo ikatike.

Sisi tulikuwa katika kundi hilo. Kodi tunakatwa, bima ya taifa tunakatwa, na mzee ninayemwogesha huenda ana mtoto mwanasheria anayelipwa pauni 95,000. Yule mwanasheria mtoto wake ana saa 30. Wangu hana. Sisemi hivi kwa uchungu wa kuonewa peke yangu, maana kuna waliobanwa zaidi: Machi 2024 wahudumu wapya wa wazee walikatazwa kabisa kuja na watoto wao. Kuna akina mama wa Likoni na Changamwe wanaofanya kazi hapa, na watoto wao wanalelewa na nyanya zao huko, wakionana kwenye simu baada ya isha.

Jambo jingine ambalo wageni wengi hulijua kwa kuumia: kupata nafasi kwenye nasari ya shule hakukupi nafasi ya darasa la kwanza la shule hiyohiyo, lile wanaloliita Reception. Unaomba upya, mwisho ni 15 Januari, na ukisahau, mtoto aliyezoea geti lile tangu ana miaka mitatu anaweza kupelekwa shule nyingine.

Kwa hivyo nina vikapu viwili. Kimoja kina kanuni zinazomlinda mtoto akishaingia. Cha pili kina kanuni zinazomchuja mzazi kabla mtoto hajaingia. Cha kwanza nakitaka Mombasa. Na kinachoniudhi ni kwamba Mombasa, bila kwenda Uingereza, tayari tunacho cha pili kimejaa, na cha kwanza hakina kitu.

Tazameni. Mama aliyeajiriwa rasmi Kenya hupata likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara. PP1, darasa la kwanza la chekechea, huanza mtoto akiwa na miaka minne. Baina ya hapo kuna miaka mitatu na miezi tisa, na mtoto wa miaka hiyo hana mahali pake popote katika mipango ya umma. Mama muuza mboga wa Kongowea hata hiyo miezi mitatu hana. Arubaini ikiisha yuko sokoni. Zamani kulikuwa na jibu. Nyumba za Majengo zilikuwa na ua mmoja na wapangaji vyumba sita, na mtoto akitambaa ndani ya ule ua palikuwa na macho kumi ya kumwona. Leo watu wamepanda ghorofa za Kisauni na Mikindani, kila mtu na geti lake la chuma, na nyanya mwenyewe anachoma mahamri ya kuuza tangu alfajiri. Tunaendelea kusema kwamba kwetu mtoto ni wa jamii. Ni wa jamii ipi, ikiwa jamii nzima imetoka kutafuta?

Aliyebaki ni mama wa bebikea, anayelea watoto wa wenziwe kwa malipo. Nenda mtaa wa Bangladesh kule Mikindani, utampata: chumba kimoja, mkeka, shilingi 50 au 100 kwa siku, na watoto wanaolala kwa zamu kwa sababu mkeka hautoshi. Simlaumu hata kidogo. Bila yeye, wanawake wanaoshona nguo kwenye viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuza nje, wasingefika kazini. Lakini hakuna aliyemfundisha huduma ya kwanza, hakuna anayemkagua kwa wema, na akiugua yeye watu wazima kumi wanakosa kazi siku hiyo.

Na mtoto akifika umri wa PP1? Masomo ya kituo cha kaunti huisha saa sita. Madarasa yana viti vidogo, yana choo, yana ukuta na askari getini, kisha kuanzia saa sita mchana hayana mtu, na mtoto yuleyule amerudishwa kwenye mkeka wa bebikea. Mimi hili silielewi kabisa.

Kuchuja mzazi ndiko tunakokujua vizuri. Shule za binafsi humfanyia mtoto wa miaka minne intavyuu, kisha mzazi huambiwa alete rimu za karatasi na tishu. Shule nyingi huitisha cheti cha kuzaliwa, na cheti humtaka mzazi awe na kitambulisho. Pwani yetu tunajua maana yake. Wamakonde walikaa Kenya miongo na miongo mpaka wakapewa vitambulisho mwaka 2017. Wapemba wakaja kutambuliwa 2023. Watoto waliokua humo kati walilipia karatasi ambazo wao hawakuzichagua. Nilipokataliwa zile saa 30 Leicester, wa kwanza kunijia akilini alikuwa jirani yetu mmoja Mpemba, ambaye wanawe walihudhuria darasa kwa huruma ya mwalimu mkuu. Nchi mbili, kosa moja: karatasi ya mzazi kumzuia mtoto.

Kuna watakaosema hizi fikra za nasari ndani ya taasisi nimeziokota kwa Wazungu. Hapana, jamani. Miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, msaada wa elimu ya watoto wao, na Mombasa hapahapa ikaanzishwa nasari ya madrasa. Bi Swafiya Said akaishika kazi hiyo, wakafunzwa wanawake wa mitaani wawe walimu, na vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vilivyopo, vifuu vya nazi na vizibo vya chupa. Kamati za wenyeji ziliendesha shule zao wenyewe. Mpango ule ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Madrasa ilikuwa tayari ina paa, ina heshima, ina watu wanaoaminiana. Kilichoongezwa ni mafunzo. Tuliwahi kuwa walimu wa wengine katika jambo hili, halafu tukakaa kitako.

Na wa kuulizwa anajulikana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti elimu ya chekechea na, kwa maneno ya waziwazi, vituo vya kulelea watoto. Kaunti imejenga madarasa ya chekechea. Vituo vya kulelea imeviacha kwa mama wa mkeka.

Ninachokipendekeza si kikubwa. Madarasa ya PP1 yasifungwe saa sita. Wawekwe walezi wa mchana, na wa kwanza kuajiriwa wawe haohao akina mama wa bebikea, wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza na kadi ya kaunti. Shule yenye chumba cha ziada ipokee na wadogo. Kwenye ukuta wa nje ibandikwe karatasi ya Kiswahili yenye idadi ya watoto kwa kila mlezi, ugonjwa upi unamrudisha mtoto nyumbani na kwa muda gani, ada ni kiasi gani, na simu ya kupiga mambo yakienda kombo. Kadi ya kliniki iitishwe, maana chanjo ni ya mtoto. Kitambulisho cha mama kisiitishwe. Anayemchukua mtoto awe ameandikwa, hata kama ni ami.

Kwenye ada ndipo patakapokuwa na ubishi, na ni haki yake. Wapo watakaotaka iwe bure kabisa. Mimi naona mzazi alipe kile anachomlipa sasa mama wa bebikea, kaunti ijaze pengo la mishahara na uji, kwa sababu vituo vya bure kabisa tumeviona vikikosa chaki muhula wa pili. Mwenye hesabu bora azilete, lakini azilete kwenye kikao cha maoni ya bajeti, pale wadi, mbele ya MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti; hizi za kwenye simu hazihesabiwi. Na saa ya kufunga vituo wasiipange maofisa peke yao. Wawaulize wanaopanga foleni ya feri ya Likoni jioni hufika ng'ambo saa ngapi.