Texas haihesabu waliosajiliwa

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema jimbo la Texas, Marekani, hugawa pesa za shule kwa idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Sivyo. Kinachohesabiwa ni wastani wa mahudhurio ya kila siku, ndiyo maana wanangu wakikosa shule simu inaita asubuhi hiyohiyo. Kiwango cha msingi cha pesa hizo kilikaa dola 6,160 kwa mwanafunzi tangu 2019 hadi 2025, kisha kikaongezwa dola 55 tu! Wanaoumia ni shule za mitaa maskini, ambako watoto huugua na kuhamahama kwa sababu ya kodi ya nyumba. Watoto watano wasipofika, pesa za shule zinapungua, lakini mwalimu bado analipwa mshahara uleule na basi linakunywa mafuta yaleyale. Huo ni uonevu. Nyinyi mlio majimbo mengine, kwenu wanahesabu mahudhurio au usajili?