Kanyanga haijawahi kuisha stok

Juzi asubuhi pale robine yetu ya maji ya Kadutu, hapa Bukavu, mutoto wa jirani, binti wa miaka 14, alianguka. Kifafa. Bidon yake ya njano ikaviringika yenyewe kwenye ule muteremko, ikagonga ngazi, maji yote chini, na watu wazima karibu kumi wakarudi nyuma. Mama moja anapiga kelele "musiguse ile povu, mutaambukizwa!" Kifafa hakiambukizi jamani, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kukalia kiti ya mutu, tutasema mpaka lini? Nilimulaza ubavu, nikaweka kitenge chini ya kichwa, nikangoja, ikapita.

Lakini hasira yangu si ya watu wa robine. Huyu binti anameza fenobarbital, dawa ya kifafa, kila jioni, na akimeza vizuri anamaliza miezi bila kuanguka. Sasa kule santre ya sante, kituo cha afya cha kartye, walimwambia mama yake stok imeisha, rudi wiki ijayo, akarudi, wakamwambia tena wiki ijayo. Basi mama akachukua wembe, akakata vidonge vilivyobakia nusu nusu kwenye sahani ya plastiki ili vimufikishe mbali. Nilimuona anaokota ule unga mweupe na ncha ya kidole asipoteze hata kidogo. Na dawa hii ukiipunguza gafla hivyo, kifafa kinarudi na nguvu, ila nani alimwambia? Hakuna.

Fenobarbital! Kama ingekuwa dawa mupya ya dola elfu ningenyamaza. Inatibu kifafa tangu 1912, iko kati ya dawa za bei ndogo kabisa, na OMS, shirika la afya la dunia, inasema wenye kifafa wakipimwa na kutibiwa vizuri, mpaka 70% wanaweza kuishi bila kuanguka. Na hatua ishirini tu kutoka ile santre kuna kioski ya kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Nimekaa kartye hii miaka mingi, sijasikia hata siku moja muuzaji anasema "imeisha, rudi wiki ijayo". Mutaniambia vita, mutaniambia barabara, banki zilifungwa. Najua, si siye wote tuko hapa? Hiyo vita mbona haimupati muuza kanyanga?

Ndiyo, SOSAME iko, ile hospitali ya magonjwa ya akili hapa mujini, na wanajitahidi. Lakini mutu wa Shabunda ao Fizi atafika na nini? Hata siye wa hapa mujini, tukutuku ya kwenda na kurudi kila mwezi ni pesa ya unga. Kidonge cha kila siku kikae santre ya kartye, palepale mama anapochanjia mutoto, na munganga moja aliyefundishwa kazi hiyo. Na wale wanganga siwalaumu sana, nani anawalipa?

Wachungaji nilitaka kuwasema vibaya, na bado nitawasema, ila ukweli ni kwamba saa nane ya usiku mugonjwa akizidiwa, wao njo wanafungula mulango. Shida ni vile vyumba vya maombi. Muyomba wangu, mutu wa pombe, walimufungia siku tatu bila tone. Akatetemeka, akaona wadudu kwenye ukuta ambao hawako, na wao wanashangilia, pepo inatoka! Pepo gani? Mutu aliyekunywa miaka ukimukatia pombe siku moja bila munganga anaweza kupata degedege na akafa. Muyomba alipona kwa bahati tu, na mpaka leo familia inatoa ushuhuda.

Na ule mutoto wa jirani mwingine asiyesema, shule tatu zimemukataa. Sheria ya Kongo ya watu wenye ulemavu ilitoka Mei 2022, nzuri sana, kwenye karatasi.

Nirudi kwa binti. Jana tumehesabu na mama yake, vimebakia nusu saba. Mwenye kujua santre ya Kadutu ao Ibanda iliyo nazo wiki hii aseme, pesa ya tukutuku nitatafuta mimi.