Usibonyeze Saa Kabla Mzee Hajaelewa

Juzi nilikuwa napitia rundo la fomu za upimaji wa wazee, yaani vipimo vya kumbukumbu na kufikiri, nikakuta pembeni mwa moja pameandikwa kwa kalamu: "Hakuelewa maelekezo." Sawa, hutokea. Kilichonikera ni kisanduku cha pointi chini ya maneno hayo. Kimejazwa. Namba imeandikwa, imejumlishwa na nyingine, na jumla yake imepelekwa mbele kuwa ndiyo matokeo ya mzee yule.

Namba hiyo inasema nini? Mtu asiyejua anatakiwa kufanya nini hawezi kukuonyesha akili yake inakwenda kwa kasi gani. Anakuonyesha tu kwamba alielezwa na hakuelewa. Lakini jina lililo juu ya fomu ni lake, na daktari atakayeisoma atamhukumu yeye. Mpimaji aliyekaa upande wa pili wa meza na saa mkononi, daktari hamjui.

Nafanya kazi hii, na naisema bila kuzunguka: dakika zinazoharibu vipimo vya muda kwa wazee ni zile za kabla saa haijaanza. Saa ikishaanza, wapimaji wengi huwa makini. Wanahesabu vizuri, wanaandika vizuri. Tatizo ni yale maelekezo, ambayo hayana saa yoyote, na ndiyo tunayoyakimbiza.

Chukua Trail Making, kipimo cha kuunganisha viduara kwa penseli, Sehemu B. Vimo viduara 25, namba 1 hadi 13 na herufi A hadi L, na mzee anaunganisha kwa kupokezana: 1, A, 2, B, na kuendelea. Kabla ya karatasi yenyewe kuna ya mazoezi yenye viduara vinane tu. Mazoezi hayo hayapimwi muda. Yamewekwa hapo kwa sababu moja, kujua kama mtu ameshika kanuni. Sasa tazama kinachotokea. Mama anaanza vizuri: moja, A, mbili. Kisha penseli inakwenda kwenye tatu. Mpimaji anamwonyesha kwa kidole, "hapana, B, halafu tatu, halafu C," anamalizia njia mwenyewe hadi mwisho, anauliza "umeelewa?" na mama anatikisa kichwa kukubali. Nani angekataa mbele ya kijana mwenye koti jeupe? Karatasi inageuzwa, saa inabonyezwa. Sekunde ya ishirini mama anainua uso: "Mwanangu, hizi herufi zinaingia wapi?"

Saa inakwenda. Haisimamishwi. Kwa kawaida kipimo hiki hukatishwa kikifika sekunde 300, na mama yule atafika huko akiwa bado anatafuta kanuni ambayo angeipata kwa kurudia mazoezi mara moja zaidi. Kumwongoza mkono kwenye mazoezi si kosa, ila baada ya kumwongoza unampa penseli ajaribu peke yake, ukae kimya uangalie. Akifika mwisho bila kidole chako, hapo ameelewa. Akishindwa tena na tena, hilo ni jambo la kuandika, na lina maana kubwa kwa daktari, lakini halina sekunde ndani yake.

Na kwenye kipimo hikihiki, mzee akikosea, mpimaji ndiye anayetakiwa kumwonyesha kosa palepale ili arekebishe, huku muda ukihesabiwa. Ukichelewa kuona, mzee atakuwa ameshakwenda viduara viwili mbele na itabidi umrudishe. Sekunde zote hizo zinaandikwa kwake. Yaani uzembe wa macho yangu mimi unageuka kuwa uzito wa akili yake. Kila ninapolifikiria hili, naona haja ya kuacha kuangalia saa na kuangalia penseli.

Halafu kuna neno "haraka". Kwenye kile kipimo cha kuoanisha tarakimu na michoro, ambacho mwanasaikolojia David Wechsler alikiingiza kwenye vipimo vyake mwaka 1939, pointi zinatokana na idadi ya michoro sahihi ndani ya muda uliowekwa, sekunde 90 au 120 kutegemea toleo. Wazee wengi, wakiachiwa wachague, huchagua usahihi kuliko kasi. Hili linajulikana vizuri kwa wanaochunguza uzee. Nimemwona mzee akichora kila alama kama anayetia saini hati ya shamba: anachora, anainua penseli, anaitazama, anarudi kurefusha mkia uliobaki mfupi, ndipo anahamia inayofuata. Hakukosea hata moja. Pointi zake zikawa chache sana. Aliambiwa afanye haraka? Aliambiwa, mara moja, mwishoni mwa sentensi ndefu iliyosomwa bila kituo. Kilichosikika vizuri zaidi ni yale maneno "usiruke hata moja."

Simaanishi tubuni maneno yetu. Maelekezo yamewekwa sawa kwa wote ili matokeo yaweze kulinganishwa, na mpimaji anayeongeza vidokezo vyake anaharibu vilevile. Lakini kusoma maneno yaleyale polepole, kwa sauti ya kutosha, ukimtazama mtu usoni, hakujawahi kukatazwa popote. Orodha za maneno na tarakimu husomwa moja kwa kila sekunde. Basi na maelekezo tuyape heshima hiyohiyo.

Miwani ya kusomea imesahaulika nyumbani? Ahirisha. Kifaa cha masikio kimeisha betri? Ahirisha. Mtoto wa jicho, baridi yabisi ya vidole, mikono inayotetemeka, dawa mpya iliyomfanya asinzie, usiku wa kutolala: vyote hivyo hupunguza pointi bila demensia yoyote, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kuwepo, na vinapaswa kuulizwa kabla penseli haijashikwa. Na usimwambie mtu "leo tunaangalia kama umeanza kupoteza kumbukumbu." Hofu peke yake hushusha pointi, na tafiti zimeshaonyesha hivyo kwa wazee.

Kuhusu elimu, nitakuwa mfupi maana ni mjadala wake. Sehemu B inamtaka mtu mwenye alfabeti iliyokaa kichwani kama wimbo. Asiyeisoma shule hana wimbo huo. Ipo Color Trails inayotumia rangi mahali pa herufi, kipo kipimo cha demensia cha IDEA kilichojaribiwa kwa wazee wa Hai, Tanzania, ambacho kinatumia njiti za kiberiti badala ya kuchora. MoCA, kipimo kifupi cha kumbukumbu na kufikiri kilichotoka mwaka 2005, kinaongeza pointi moja kwa mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu. Pointi moja, kwa mtu ambaye pengine hajawahi kushika penseli. Chagua kipimo kinachomfaa aliye mbele yako.

Nitaambiwa foleni ni ndefu na mpimaji ni mmoja. Ni kweli, nakubali kwa shingo upande. Foleni naijua. Lakini kurudia mazoezi kunachukua dakika moja au mbili, na kipimo kilichoharibika kinamrudisha mzee kwenye foleni ileile, safari hii akiwa na barua ya kumtisha.

Wako pia wenzetu wa upande wa pili, wenye huruma, na hao wananiumiza kwa namna nyingine. Saa inaita, mzee amebakiza kidogo, mpimaji anamwacha amalizie. Sekunde kumi, kumi na tano. Anaona amemtendea wema. Majedwali tunayolinganishia yametokana na watu waliosimamishwa kwa wakati. Ukimwongezea mmoja sekunde, umemlinganisha na wenzake kwa uongo. Na huenda ugonjwa ndio umeanza. Au huenda ni upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, mambo yanayotibika yakigunduliwa mapema. Anarudi nyumbani ameambiwa yuko sawa, na familia inapoteza miezi ambayo ingetumika kutafuta chanzo na kupanga mambo yake angali ana sauti ya kuyapanga. Huruma yote imalizie kwenye maelekezo. Neno "anza" likishatoka, muda ni muda.

Ninachotaka kibadilike ni kitu kidogo sana. Fomu iwe na nafasi ya kuandika "haikupimika", na sababu, na kisanduku cha pointi kibaki kitupu bila mtu kugombezwa kwa kukiacha hivyo. Sifuri na "haikupimika" ni vitu viwili tofauti kabisa. Mzee aitwe tena, na pale penye toleo mbadala la kipimo litumike hilo, kwa sababu aliyekwisha kuiona karatasi hufanya vizuri zaidi mara ya pili kwa kuizoea tu.

Na wanaofundisha wapimaji wapya waanzie hapohapo kwenye maelekezo. Tunawafundisha kushika saa na kujumlisha pointi siku ya kwanza, mambo ambayo mtoto wa shule angeyaweza. Mwache aeleze Sehemu B kwa mtu ambaye hajawahi kuiona, mwalimu akisikiliza, mpaka mtu huyo amalize mazoezi peke yake bila kidole cha mtu yeyote. Atakayeshindwa hapo aendelee kujifunza, na asipewe mzee wa kumpima mpaka aweze.