Tuonyesheni maswali yaliyobaki, asilimia wekeni kando

Kila mtu wa serikali anapoulizwa kuhusu kinu cha nyuklia kilichopangwa Uyombo, kijiji cha pwani kusini ya Malindi, jibu ni lile lile: mambo yanaendelea vizuri, tuko katika hatua nzuri. Juzi, kwenye mkutano mmoja hapa Malindi, jibu hilo lilikuja limevikwa nguo mpya. Afisa aliwasha projekta, akatuonyesha mstari wa kijani uliojaa kupita nusu, akasema hapo ndipo tulipofika katika maandalizi ya usalama na leseni. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na hasira yangu haijatulia hadi leo.

Nyuma yangu aliketi mzee mmoja wa Mida, nahodha, mtu wa bahari tangu utotoni. Aliinuka taratibu, akaomba kipaza sauti. “Bwana mkubwa,” akasema, “kinu hiki hupozwa kwa maji. Maji hayo yatavutwa sehemu gani, na yakirudishwa baharini yatakuwa na joto kiasi gani? Maana vifaranga vya tafi na changu vinakulia kwenye mikoko yetu.” Afisa akaitikia kwa adabu: “Mzee wangu, swali zuri hilo, naliandika.” Na kweli aliandika. Nilikuwa karibu, nikaona: kijitabu cha buluu, mistari miwili kwa wino mwekundu, kisha akakifunga na kukitia mfukoni. Soda zikagawiwa, tukatawanyika.

Swali lile liko wapi sasa? Limepewa namba? Nani ametakiwa kulijibu, na kabla ya tarehe gani? Likijibiwa, mzee atajulia wapi? Mstari wa kijani haukuwa na nafasi ya swali lake. Ungejaa zaidi wiki ijayo, na lile swali lingebaki mfukoni vile vile.

Najua kuna watakaoniambia haya yamepitwa, kwamba tangu 2025 serikali imegeuza macho kuelekea Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria, na Uyombo imepumua. Imepumua vipi? Mei 2024 wakazi wa Uyombo waliandamana kukataa kinu, polisi wakawatawanya kwa nguvu, watu wakaumia. Watu waliolipia swali lao kwa mifupa yao walistahili jibu la maandishi kuhusu ardhi yao, si habari ya kusikia redioni kwamba kinu sasa kinazungumziwa kwingine. Na mvuvi wa Siaya atauliza yale yale aliyouliza mzee wa Mida, kuhusu maji na samaki. Akikuta kijitabu cha buluu na yeye, basi hakuna tulichojifunza kama nchi.

Ninalodai ni hili. Maendeleo ya tathmini ya usalama yafuatiliwe kwa orodha ya maswali yaliyo wazi, ibandikwe hadharani, isomeke na yeyote. Asilimia haifai kazi hii. Fundi wa jahazi kule Lamu akimaliza kutia kalafati hamwambii nahodha kwamba nyufa asilimia 95 zimezibwa, tweka tanga twende. Atamwonyesha ule ufa mmoja uliobaki, maana humo ndimo maji yatakamoingia. Katika leseni ya kinu ni hivyo hivyo. Mdhibiti, yaani taasisi inayokagua usalama na kutoa leseni, anaweza kuuliza maswali elfu, akajibiwa 999 kwa ufasaha, na lile moja likatosha kuangusha kazi nzima.

Wanaodhani natia chumvi waangalie Tsuruga, kule Fukui, Japani. Baada ya maafa ya Fukushima ya Machi 2011, Wajapani walivunja mfumo wao wa zamani wa udhibiti, wakaunda mamlaka mpya Septemba 2012, na Julai 2013 wakatoa masharti mapya makali. Kila kampuni iliyotaka kuwasha tena kinu chake ililazimika kuomba upya. Wenye kinu cha pili cha Tsuruga, kampuni ya Japan Atomic Power, waliomba Novemba 2015. Swali kubwa lilikuwa moja: je, ufa wa ardhi ulio hai, ule unaoweza kuleta tetemeko, unapita chini ya kinu? Vikao vikafuatana, makaratasi yakarundikana, miaka ikapita. Mwaka 2020 wakaguzi wakagundua kwamba maelezo ya sampuli za udongo zilizochimbwa pale yalikuwa yamebadilishwa. Mahali palipoandikwa kwanza kwamba tabaka halijashikana, karatasi mpya zilisema limeshikana, na maandishi ya awali yameondolewa. Ukaguzi ukasimamishwa.

Ungechora mstari wa kijani wa Tsuruga, ungeonekana umejaa vizuri sana. Sura baada ya sura zimewasilishwa, mikutano imefanyika, wataalamu wamesafiri. Lakini swali la ufa lilikuwa bado wazi, na tarehe 13 Novemba 2024 mamlaka ikatoa uamuzi rasmi: ombi limekataliwa. Ilikuwa mara ya kwanza chini ya masharti yale mapya. Miaka tisa, na kilichoamua ni swali lililokuwa mezani tangu mwanzo. Kinachonigusa zaidi ni namna udanganyifu ulivyobainika. Mtu alilinganisha karatasi ya zamani na karatasi ya sasa. Kumbukumbu za kila swali na kila jibu zilikuwepo, zina tarehe, na kwa hiyo mabadiliko yakaonekana. Pasipo kumbukumbu, nani angejua kwamba tabaka la udongo limegeuzwa tabia kwa kalamu?

Uingereza nao walifanya jambo ambalo ningependa sana tuliige. Mwishoni mwa 2011 wadhibiti wao walitoa idhini ya muda kwa miundo miwili ya vinu, EPR ya Wafaransa na AP1000 ya Westinghouse, lakini wakatangaza wazi kwamba kila mmoja una madeni: masuala 31 kwa EPR, masuala 51 kwa AP1000. Kila suala lilikuwa na namba yake, na mpango wa kulimaliza ukachapishwa. EPR ikamaliza madeni yake Desemba 2012. Westinghouse wakasimama njiani kwa kukosa mteja, wakarudi baadaye, na ya kwao yakafungwa Machi 2017. Mwananchi wa kawaida, mwalimu au mvuvi, aliweza kujua mangapi yamebaki na yanahusu nini. Hakuhitaji kuwa mhandisi. Alihitaji orodha tu.

Marekani pia, kinu kidogo cha NuScale kilipokaguliwa, ombi lenyewe lilikuwa na kurasa kama 12,000, na tume ya nyuklia ya nchi hiyo iliendesha maswali na majibu kwa barua ambazo nyingi zao ziko wazi kwa umma. Ripoti ya usalama ilipokamilika Agosti 2020, haikudai kwamba kila kitu kimeisha. Ilitaja mambo matatu ambayo hayakufungwa, likiwemo la mabomba ya majenereta ya mvuke, ikasema atakayetaka kujenga ndiye atakayeyajibu. Muundo ukaidhinishwa rasmi Januari 2023 na yale matatu yakiwa bado yameandikwa pale, kila mtu akiyaona. Nauheshimu uaminifu huo. Lakini ninaona pia upepo unabadilika huko: Mei 2025 rais wao alitoa amri kwamba ombi la kujenga na kuendesha kinu lipate uamuzi ndani ya miezi 18. Saa ikishakuwa ndiyo kipimo, mkaguzi mwenye swali gumu ndiye anayeonekana mkwamishaji.

Turudi kwetu. Tunazo taasisi mbili, zote katika sheria za 2019, na raia wengi wanazichanganya kwa sababu hakuna anayejishughulisha kutuonyesha mpaka wake. NuPEA, wakala wa serikali wa nishati ya nyuklia, ndiyo inayotaka kinu kijengwe, ndiyo kazi yake. KNRA, mamlaka ya udhibiti wa nyuklia Kenya, ndiyo mdhibiti, yenye mamlaka ya kutoa leseni au kuinyima. Mstari wa kijani tuliooneshwa unahesabu kazi za anayetaka kujenga: utafiti wa eneo umefanywa, vijana wamepelekwa masomoni, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limetutembelea kutukagua, 2015 na tena 2021. Haya yote ni kweli na yana maana yake. Lakini mjenzi kuwa tayari ni jambo moja, na mkaguzi kuridhika ni jambo jingine kabisa. Orodha ninayoidai inatakiwa ikae kwa mdhibiti, iandikwe na mdhibiti, na mjenzi asiweze kuigusa.

Kuna mambo yasiyoweza kutangazwa, nakubali. Sihitaji kujua walinzi watakuwa wangapi, mlango upi una kamera, wala mafuta ya kinu yatapita njia gani usiku. Nakubali pia kwamba wahandisi wetu ni watu wa kusoma na wengi wao wana nia njema. Nakubali hata kwamba nchi inahitaji umeme wa uhakika, kwa sababu hapa Malindi nimeona samaki wakiharibika kwenye friji za wachuuzi stima ilipokatika. Hakuna hata moja katika hayo linalozuia swali la joto la maji kupewa namba.

Na wasiseme kwamba wananchi hawana uwezo wa kuuliza la maana. Nitataja machache ambayo mtu yeyote wa pwani hii anaweza kuyaweka mezani. Uyombo iko kusini yetu. Upepo wa kusi, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, unatoka huko ukija Watamu, Gede, Malindi. Ajali ikitokea wakati wa kusi, chochote kitakachopanda hewani kinaelekea kwetu. Fukushima waliwahamisha watu wote waliokuwa ndani ya kilomita 20. Watamu yote imo ndani ya duara la namna hiyo. Sasa niambie: watu hao watatoka kwa njia gani? Barabara kuu ni ile moja ya Mombasa, inayopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukienda kusini unakielekea kinu chenyewe kabla ya kufika daraja la Kilifi. Ukienda kaskazini unafuatana na upepo hadi daraja la Sabaki. Mwezi wa Agosti, hoteli zikiwa zimejaa? Siku ya mvua, malori ya chumvi ya Gongoni yakiwa barabarani? Hilo ni swali la leseni kabisa. Mpango wa dharura ni sehemu ya tathmini ya usalama duniani kote, na anayejua hali ya barabara hii Ijumaa jioni ni dereva wa matatu, wala si mshauri kutoka ng'ambo. Kuna pia mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, ambayo yalitoka Sumatra yakavuka bahari nzima yakafika hadi kwetu. Wavuvi walioyaona bado wako hai. Kuna mtu amewahi kukaa nao akaandika maji yalifika wapi?

Wanaoona huu ni usumbufu wakumbuke kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa Lamu. Megawati 1,050, pale Kwasasi, na leseni ya mazingira ilikuwa tayari mkononi. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ya kitaifa ikaifuta. Moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyohesabiwa ilikuwa ya utangulizi, na watu hawakupewa nafasi ya kweli kuisoma na kuijibu ripoti yenyewe. Mikutano ilikuwepo, picha zilipigwa, majina yaliandikwa kwenye karatasi za mahudhurio. Kwenye mstari wa kijani, “ushirikishaji wa umma” bila shaka ulishawekwa alama ya kumalizika. Rufaa ilipokuja, mwezi wa Oktoba 2025 mahakama ya hapa hapa Malindi ikaukubali uamuzi ule. Wawekezaji walipoteza miaka, Lamu ikapoteza usingizi, na yote yangeepukika kama maswali ya watu wa Lamu yangechukuliwa kuwa maswali ya kweli tangu siku ya kwanza.

Nimeandika barua kwa mdhibiti kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 za kujibu. Nimeomba vitu vitatu. Kwanza, orodha ya maswali yote ya usalama yaliyoulizwa hadi sasa kuhusu Uyombo, na hali ya kila moja. Pili, maandishi yanayosema kama utafiti wa Uyombo umefungwa au umeahirishwa tu. Tatu, swali la nahodha wa Mida, nimeliandika upya kama alivyolisema, na nimeomba lipewe namba. Mwenye swali lake, awe wa Watamu, Gede, Ngomeni au Siaya, aniletee hapa chini kwenye maoni na jina la kijiji chake. Nitayaweka katika barua ya pili, na jibu likija nitalibandika hapa lote, kurasa zote.