Zebaki au sianidi: mchanga wa marudio unabaki kwa nani?

Ukikaa na wataalamu wa uchenjuaji, yaani kutoa dhahabu kwenye mawe, mjadala wa zebaki unaisha haraka sana. Watakwambia zebaki mara nyingi haivuki asilimia 40 ya dhahabu iliyomo kwenye mawe, sianidi ikiendeshwa vizuri na mchanga wenyewe ukiwa mzuri inafika hata 90, kwa hiyo wachimbaji wadogo waache zebaki wahamie kwenye vati, lile tangi la kulowekea mchanga kwa sianidi, basi, kikao kimefungwa. Hesabu yao sio ya uongo. Ila mimi nimekulia karibu na mwalo, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, huku Kanda ya Ziwa, na pale mwaloni sijawahi kusikia mtu anauliza asilimia ngapi, wanauliza yangu ni ipi na naondoka nayo saa ngapi.

Ngoja nieleze inavyokuwa. Mawe yametoka duarani, yaani shimoni, yamepita karasha, mashine ya kusaga, yakawa unga, unga umeoshwa kwenye ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, dhahabu na vitu vizito vinanasa kwenye nyuzi, magunia yanakung'utwa kwenye beseni. Hapo jamaa anatoa kichupa, anadondosha zebaki kidogo, anaanza kusugua kwa mikono mitupu kama anakanda unga wa chapati. Anazungusha karai mpaka linabaki donge jeupe la zebaki iliyoshika dhahabu, analikamua kwenye kitambaa, analiweka kwenye kipande cha bati juu ya mkaa, na baada ya dakika chache lile jeupe linageuka njano. Wenye duara wote wamechuchumaa wanakodoa macho, hakuna anayeondoka hata kwenda kukojoa. Mzani unasoma gramu mbili na pointi nne, wanagawana hapohapo, jioni watu wanakula wali.

Sasa ule moshi ndo tatizo lenyewe, na hapa siwezi kuwatetea ndugu zangu. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 tu, mvuke wake hauna rangi wala harufu, anauvuta mchomaji, anauvuta mama anayeuza uji hatua tano pembeni na mtoto aliyembeba mgongoni. Inayobaki kwenye matope inaingia mtoni, vijidudu vinaibadilisha kuwa aina mbaya zaidi inayojikusanya kwenye samaki, na sisi watu wa ziwani samaki ndo mboga yetu. Wajapani wa Minamata waliliona hilo mwaka 1956, paka walianza kurukaruka kama wamelewa kabla haijajulikana kwamba ni maji taka ya kiwanda. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria uchimbaji mdogo wa dhahabu unatoa karibu asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu anairusha hewani, ndo chanzo kikubwa kuliko vyote, umepita hata makaa ya mawe. Halafu zebaki haiozi. Iliyomwagwa na babu ipo mpaka leo.

Kwa upande huo sianidi ina hoja nzito, na sio kitu kigeni, njia yenyewe ilipewa hataza kule Glasgow mwaka 1887 na ndo iliyookoa migodi ya Johannesburg ilipokutana na mawe ambayo zebaki ilishindwa kuyatoa dhahabu. Zebaki inashika ile dhahabu iliyo huru na yenye punje za kuonekana. Ile ya vumbi inapita na maji, na ile iliyofungwa ndani ya jiwe lisilosagwa vizuri haiguswi kabisa. Sianidi haichagui hivyo, inayeyusha dhahabu yenyewe ndani ya maji, maji yanapitishwa kwenye kaboni, mkaa maalumu unaoinasa, kaboni inapelekwa elusheni, yaani kuvuliwa ile dhahabu, dhahabu inatoka. Na sumu yake kuna namna inavunjika, jua na hewa vinaimaliza taratibu, sisi tunaokula udaga tunajua muhogo mchungu una sianidi na tunajua kuuvundika ukatulia. Mfano huo usikupe kiburi lakini. Vati ni lazima liwe na chokaa ya kutosha, pH, kile kipimo cha uchachu, ikae juu ya 10, ikishuka ile sianidi inaanza kuruka kama gesi, na wapo watu ambao pua zao hazisikii harufu yake kabisa. Nimeona vati la turubai lililotoboka likapewa kiraka cha gundi na kazi ikaendelea. Na bwawa likipasuka ndo usiseme, Baia Mare kule Romania Januari 2000 maji kama mita za ujazo laki moja yenye sianidi yaliingia mitoni yakaua samaki mpaka Hungaria.

Kwa hiyo kwenye sumu peke yake mimi naipa sianidi pointi, ikiwa tu inaendeshwa na mtu anayejua anachofanya.

Ila rudi kwenye ile asilimia 90. Ni tisini ya nani? Sehemu nyingi utaratibu ni kwamba ukishaosha, marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu, yanabaki kwa mwenye karasha au mwenye mwalo, inahesabiwa kama sehemu ya malipo ya kusagiwa. Chukua mfano rahisi, tani moja ya mawe yenye gramu 10, zebaki ikitoa gramu 3 na nusu basi 6 na nusu zimelala kwenye marudio, aliyebaki nayo akizichenjua kwenye vati akapata hata asilimia 80 ni gramu 5 na kidogo. Aliyeshuka chini kwa kamba, akakaa miezi anakula kwa mkopo, kapata 3 na nusu za kugawana na wenzake kumi, aliyekaa juu kapata 5. Kwa mpango huo zebaki kutokuwa na ufanisi sio hasara ya kila mtu, kuna mtu inamlisha. Ndo maana sioni mwenye vati akipiga kelele sana kuhusu zebaki.

Simwonei, naye ana yake. Amenunua kemikali, kaboni, chokaa na pampu, anasubiri siku kadhaa au wiki nzima vati likamilike, elusheni nayo ina foleni na gharama, na akikuta mchanga una shaba nyingi sianidi inaliwa na shaba anabaki anaangalia hewa. Hasara hiyo mchimbaji haichangii.

Kibaya zaidi ni pale vyote viwili vinapokutana, na ndo hali ya kawaida. Marudio yana mabaki ya zebaki, unayamwagia sianidi, sianidi inaibeba zebaki ikawa imeyeyuka kwenye maji, sasa inatembea kirahisi kuliko mwanzo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki, ambao Tanzania iliuridhia 2020, umeitaja hiyo kabisa kama kitendo cha kukomeshwa, pamoja na kuchomea donge kwenye makazi ya watu. Watu wanasema mkataba umepiga marufuku zebaki kwa mchimbaji mdogo, hapana, unasema ipunguzwe na pale inapowezekana iondolewe. Hilo neno "inapowezekana" ndo limebeba mzigo wote.

Njia za katikati zipo. Kuna ritoti, chombo kilichofungwa kinachorudisha zebaki badala ya kuiachia hewani. Kuna boraksi, aina ya chumvi ya madini, wachimbaji wa Benguet kule Ufilipino wanaitumia kuyeyushia bila zebaki, ila inataka moto mkali na mtu anayejua kuzungusha karai haswa. Mbona hazishiki? Ritoti ukiifunga huoni kitu. Kumi mmechuchumaa halafu dhahabu inaingia kwenye chuma inatoka baadaye, nani anamwamini nani? Utafiti unapima zebaki imerudi kiasi gani, sijaona ukihangaika sana kuweka kidirisha.

STAMICO, shirika la madini la taifa, wana vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi, wazo ni zuri, kuosha kwanza kwa mashine nzuri za uzito na kinachobaki kwenda sianidi bila kupitia zebaki. Hapo kitaalamu mimi nakubali asilimia mia. Ila naona kazi kubwa ya mainjinia wetu iko kwenye sampuli. Dhahabu haijasambaa sawa kwenye mchanga, ukichota kiganja kimoja unapata gramu 20, kiganja cha pili gramu 2, nani analipwa kwa kipi? Wakipata namna ya bei ndogo ya kupima rundo la mchimbaji mbele ya macho yake, akalipwa angalau nusu siku hiyohiyo, zebaki itaanza kukosa wateja bila hata mgambo.

Kuna rafiki yangu alijaribu kuwa mstaarabu, akapeleka mchanga wake vatini moja kwa moja, bila tone la zebaki. Wiki ya tatu akaambiwa kaboni haijashika vizuri, akapewa kiasi ambacho hata nauli ya toroli hakikurudisha. Labda ilikuwa kweli, kaboni huwa inagoma. Yeye hakuwa na njia ya kujua. Mzigo uliofuata nilimkuta mwaloni, mikono ndani ya beseni.